Shajara ya mradi: CG125 ya platini yapewa bloku ya 150

Hali ya mwanzo

Injini iliyo mezani ni Honda CG125 ya kizazi cha mwanzo: pushirodi (fito zinazosukuma valvu), platini (swichi ya mitambo inayokata umeme ili cheche itoke), umeme wa volti 6, kiki peke yake bila stata. Muundo huu ulitoka mwaka 1976 ukiwa na kipenyo cha silinda cha mm 56.5 na mpigo (mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini) wa mm 49.5, yaani sentimita za ujazo 124.1. Kesi (ganda la chini la injini) ni nzima na nambari yake inasomeka. Gia zinashika bila kuruka. Kilichokufa ni bloku ya silinda, ambayo imekwisha panuliwa hadi saizi ya mwisho ya ziada ya mm 1.00 na bado ina mkwaruzo unaoshika ukucha, pamoja na beringi moja ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni).

Lengo ni kubakiza kesi na gia, halafu kuweka krenki, bloku, pistoni na hedi za mm 62 kutoka familia hiyohiyo, na kuhamia CDI (kifaa cha kielektroniki cha kutoa cheche) ya volti 12. Mpigo unabaki mm 49.5, kwa hiyo ujazo mpya ni 149.4.

Familia ya CG imenakiliwa na viwanda vingi mno, na umbo la msingi limebaki lilelile. Ndiyo maana spea zake hazikosekani. Ila spea zinazofanana kwa macho ni nyingi kuliko zinazolingana kwa vernia. Kauli ya “hii inaingia” haitoshi hata kidogo: sehemu inaweza kuingia, ikafungwa, ikawaka, kisha ikaua injini kwa sababu ya kipimo kimoja ambacho hakuna aliyekiuliza.

Kusoma kodi (msimbo) ya injini kabla ya kununua

Injini za nakala hupigwa mhuri wa kodi, yaani msimbo wa tarakimu na herufi, kwenye kesi, na kodi hiyo ina habari nyingi. Katika 156FMI, 1 ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo kwa milimita bila desimali, F ni kupozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na I ni daraja la ujazo la 125. 162FMJ ni kipenyo cha 62, daraja la 150. 163FML ni 63.5, daraja la 200, na mpigo wake ni mm 62.2, si 49.5.

Kodi haisemi mpigo wala haisemi aina ya kamshafti (mhimili unaofungua valvu), na hapo ndipo watu wanapoumia. Injini za mtindo wa CB zenye mnyororo wa kamshafti huwa na kodi zinazokaribiana na hizi. Zitofautishe kwa kuangalia bloku: ya CG ina mfereji mwembamba wa pushirodi upande mmoja, ya CB ina tundu refu la mnyororo. Na jina “CG150” pia si dhamana. CG 150 Titan ya Brazili iliyotoka mwaka 2004 ina kamshafti kwenye hedi, kipenyo cha 57.3 na mpigo wa 57.8. Hakuna kitu cha juu cha injini hiyo kitakachokaa hapa.

Vipimo vilivyoamua nini kinunuliwe ni hivi: mpigo wa krenki, kipenyo cha pini ya pistoni (mm 15 kwa pistoni zote mbili tulizozipima), umbali kutoka katikati ya pini hadi uso wa juu wa pistoni, unene wa shingo ya slivu (bomba la chuma ndani ya bloku) inayoingia kwenye kesi, nafasi za bolti ndefu za bloku, urefu wa pushirodi, na umbo la ncha zote mbili za krenki. Ukikosa kimoja, usinunue bado.

Mfano wa kwa nini mpigo unatangulia: mtu akiweka krenki ya mm 62.2 chini ya bloku ya mpigo wa 49.5, pistoni itapanda zaidi kwa nusu ya tofauti, yaani mm 6.35. Itagonga hedi kabla ya mzunguko wa kwanza kukamilika. Nusu ya tofauti, si tofauti nzima, kwa sababu nusu nyingine huenda chini.

Kufumua

Skurubu za vifuniko ni za kichwa cha msalaba cha Kijapani. Bisibisi ya kawaida ya msalaba huteleza na kuzila. Tulitumia bisibisi ya kupigwa kwa nyundo yenye ncha ya mtindo huo, na zile zilizogoma tukazipasha moto kwanza pembeni, kwenye alumini, siyo kwenye skurubu yenyewe. Alumini hutanuka zaidi kuliko chuma, ikaachia.

Upande wa klachi, toa kifuniko cha kichujio cha mzunguko kilicho kwenye ncha ya krenki. Nati yake ina mikato minne na inahitaji boksi maalumu. Kuigonga kwa tindo kunaiharibu nati na kunaweza kupinda ncha ya krenki. Ndani ya kichujio kulikuwa na tope gumu jeusi, unene wa karibu mm 4, na chembe zinazong'aa. Tope kiasi hicho maana yake uchafu ulianza kupita kuelekea kwenye pini kubwa ya konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki).

Sumaku hutolewa kwa pula ya nyuzi zake. Ukikosa pula, subiri uipate. Ukingo wa sumaku uliotiwa tindo hupoteza mzani, na sumaku zenyewe za ndani hupasuka.

Nyuma ya sumaku kuna gia ya kamshafti. Tumeiachia ikae na alama zake zikitazamana, tukapiga picha, ndipo ikatoka. Pushirodi zimefungwa kwa tepu na kuandikwa “ingizo” (ya valvu ya kuingiza) na “toleo” (ya valvu ya kutoa moshi). Zimezoeana na roka zake (mikono inayobonyeza valvu), kwa hiyo zisibadilishane mahali hata kama urefu ni mmoja.

Krenki

Hapa kulikuwa na njia mbili. Kwa kuwa mpigo ni uleule, krenki ya 125 inaweza kubeba pistoni ya 62, na wengi hufanya hivyo. Sisi tumepima uzito kwanza. Pistoni ya 56.5 pamoja na pini, ringi na klipu zake ilikuwa gramu 148. Ya 62 ilikuwa gramu 181. Hizo gramu 33 zinapanda na kushuka, na krenki ya 125 imetobolewa na kusawazishwa kwa ajili ya pistoni nyepesi. Injini ingewaka na kuvuta, lakini ingetetemesha mikono kwa mwendo wa kati, na mtetemo huo hula beringi za krenki, hulegeza bolti za kufungia injini na kukata waya za taa. Tumechukua krenki ya 150.

Vilinganishwe hivi kabla ya kuiweka kwenye kesi ya zamani: kipenyo cha mataya (visahani vizito) mawili ya krenki, upana wa mataya yakiwa pamoja, kipenyo cha shina linaloingia kwenye beringi kila upande, na urefu wa kila ncha kuanzia kwenye taya. Yetu ililingana kote isipokuwa upana, uliozidi kwa mm 0.2, na nafasi ya pembeni ndani ya kesi ilitosha kuumeza. Krenki zenye gia ya shina la kusawazisha mtetemo hazifai hapa. Kesi ya zamani haina mahali pa shina hilo.

Beringi zinunuliwe kwa nambari iliyochongwa kwenye pete, siyo kwa jina la pikipiki. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5 upate tundu la ndani: 6304 ina tundu la mm 20, na 6204 pia ni mm 20. Lakini 6304 ina kipenyo cha nje cha mm 52 na upana wa 15, wakati 6204 ni 47 kwa 14. Herufi C3 baada ya nambari maana yake beringi ina nafasi kubwa kidogo ya ndani kwa ajili ya joto. Kwenye krenki weka C3. Isiyo na alama hiyo ikishabanwa ndani ya kesi na kupata moto huanza kulia mapema.

Krenki iliyonunuliwa ilikuwa imetumika, hivyo konrodi ilipimwa. Mwendo wa pembeni kwenye pini kubwa ulikuwa mm 0.25, unakubalika. Mwendo wa juu na chini haukuhisiwa kwa mkono baada ya kusafisha kwa mafuta ya taa. (Pima ikiwa kavu. Oili huficha ubovu.) Kwenye vitalu vya V na daili geji, ncha ya sumaku ilipepesuka mm 0.07. Tumeipeleka kwa mkerezaji ikanyooshwa hadi 0.03. Kikomo tulichojiwekea ni 0.05.

Kwa atakayebadilisha pini kubwa na konrodi: oili ya pini hiyo hupita ndani ya krenki kutoka kwenye kichujio cha mzunguko. Pini mpya ina tundu lake, na tundu hilo lazima litazame njia iliyo kwenye taya. Fundi wa presi asiyejua hilo ataikandamiza vyovyote, pini itakaa vizuri sana, na konrodi itaungua mapema. Kabla ya kuichukua, sukuma oili kwa sirinji kwenye ncha ya krenki na uione ikitoka kwenye rola za pini kubwa. Isipotoka, usiondoke na krenki hiyo.

Kupanua mdomo wa kesi

Shingo ya slivu yenye tundu la 62 ni nene kuliko mdomo wa kesi uliotengenezwa kwa ajili ya 56.5. Hakuna namna ya kukwepa, lazima kesi ipanuliwe. Wapo wanaokereza shingo ya slivu badala yake, na hilo ni kosa baya: ukuta wa chuma unabaki mwembamba kama wa kopo la maziwa, na sehemu ya chini ya slivu hupasuka pale pistoni inapobadilisha mwelekeo.

Kesi zote mbili zilifungwa pamoja zikiwa na gasketi yake ya kati na bolti zote zikiwa zimekazwa, beringi zikiwa zimeshatolewa. Kesi ikawekwa kwenye mashine ya kuchimba, kitovu kikatafutwa kwa daili geji kwenye mdomo wa zamani. Usitafute kitovu kwa kutumia matundu ya bolti, yana ulegevu. Tumepanua hadi slivu iingie kwa nafasi ya mm 0.2 kwa jumla. Kubana zaidi hakuna faida, kwani bloku huelekezwa na zile pini mbili fupi za mwongozo.

Kabla ya kukata, pima ukuta utakaobaki kati ya mdomo na matundu ya bolti ndefu. Pale palipokuwa pembamba zaidi tulibakiwa na mm 3.5. Kungekuwa chini ya 3 tungeacha. Pima pia kina. Shingo ya slivu ikigota kwenye bega la ndani kabla bloku haijalala kwenye gasketi, oili itavuja chini ya bloku daima, na kila atakayekuja atadhani gasketi ni mbovu.

Chembe za alumini ni adui. Njia zote za oili zilizibwa kwa nta kabla ya kukata, kisha kesi ikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, ikapulizwa kwa hewa kila tundu. Baada ya hapo gasketi ya chini ya bloku ya 150 ikawekwa juu ya mdomo ili kuona kama inafunika ukingo wote pamoja na mfereji wa pushirodi. Ilifunika.

Beringi ziliingizwa kesi ikiwa na joto la takriban nyuzi 100 na beringi zikiwa zimetoka kwenye friza. Kwa joto hilo tone la maji hutatarika papo hapo juu ya alumini. Beringi huanguka mahali pake yenyewe. Ikigoma, usipige. Ipashe tena.

Bloku, pistoni na ringi

Bloku ni mpya. Upya hauifanyi iwe sahihi. Ilipimwa kwa geji ya tundu katika vina vitatu, kila kina mara mbili kwa mwelekeo wa msalaba. Juu 62.01, katikati 62.01, chini 62.00. Pistoni ilipimwa mm 10 kutoka chini ya sketi, upande ulio mraba na pini: 61.97. Nafasi ni 0.03 hadi 0.04, na hiyo ndiyo tunayoitaka kwa slivu ya chuma inayopozwa kwa hewa. Chini ya 0.02 pistoni hunata ikipata moto. Ikifika 0.10 hugonga asubuhi na kula oili.

Ringi kila moja iliingizwa peke yake kwenye bloku, ikasawazishwa kwa kichwa cha pistoni, mwanya ukapimwa kwa fila geji. Kanuni tunayotumia ni mm 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, ambayo kwa 62 ni kama 0.25. Ringi ya juu ilikuwa na 0.14. Ingewekwa hivyo, joto lingezikutanisha ncha zake na kuivunja au kuchana slivu. Imepigwa tupa laini ncha moja, kutoka nje kuelekea ndani, hadi 0.25. Ya pili ilikuwa 0.30, ikaachwa. Pakiti mpya ikishafunguliwa watu huamini kila kitu kimeshapimwa kiwandani. Hapana.

Maandishi ya ringi hutazama juu. Mianya yake itengane nyuzi 120, na usiweke mwanya wowote upande wa mbele au wa nyuma ambako pistoni huegemea.

Slivu ilikuwa na mistari ya msalaba ya kutosha, hivyo haikusuguliwa tena. Ilioshwa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ikasuguliwa kwa brashi, kisha ikafutwa kwa kitambaa cheupe chenye oili hadi kitambaa kikatoka cheupe. Petroli haitoi unga wa jiwe la kusugulia, inausambaza tu ndani ya mistari. Slivu ikiachwa kavu baada ya maji huota kutu kabla hujamaliza chai, basi ipake oili mara moja.

Klipu za pini ni mpya siku zote. Mdomo wa klipu uelekee juu au chini, usilale upande wa mkato wa pistoni. Kabla ya kufunga hedi, krenki ilizungushwa hadi pistoni ikafika chini kabisa, na nafasi kati ya sketi na mataya ikapimwa kwa waya: mm 2. Chini ya 1 isingekubalika.

Hedi na mgandamizo

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama hedi ya 125 inaweza kubaki. Bolti zinalingana, ndiyo. Hesabu inakataa.

CG125 yenye uwiano wa 9.0 ina nafasi ya kuchomea ya 124.1 gawanya kwa 8, yaani cc 15.5. Weka nafasi hiyohiyo juu ya ujazo wa 149.4 na uwiano unakuwa 10.6. Kwa injini ya hewa, petroli ya kawaida na muda wa cheche uliowekwa kwa ajili ya 9, hiyo ni kunoki (mchanganyiko kulipuka vibaya na kugonga) tu kila unapopanda mlima. Isitoshe, bakuli la hedi ya 125 lina kipenyo kinacholingana na 56.5, hivyo kunabaki ukingo wa karibu mm 2.75 kuzunguka bloku ya 62, na gasketi ya hedi haijui ilale wapi.

Hedi ya 150 ilipimwa ikiwa imefungwa, pistoni ikiwa juu kabisa, injini imeinamishwa ili tundu la plagi liwe juu. Grisi kidogo ilipakwa kuzunguka pistoni, kisha oili nyepesi ikatiwa kwa sirinji hadi ukingo wa chini wa nyuzi za plagi. Ilimeza cc 17.3. Uwiano: 149.4 jumlisha 17.3, gawanya kwa 17.3, sawa na 9.6. Tulitaka karibu 9.2, ambayo inahitaji cc 18.2. Kwenye kipenyo cha 62, kila mm 0.1 ya unene wa gasketi huongeza cc 0.3. Gasketi ya chini ya bloku iliyo nene kwa mm 0.3 zaidi imetupatia cc 0.9 tulizokosa.

Valvu zilisagwa kwa pesti laini, alama ya kukaa ikawa na upana wa mm 1.3. Kipimo ni kujaza mafuta ya taa kwenye mifereji na kusubiri. Ya toleo ilitoa jasho, ikasagwa tena hadi ikakauka. Sili za shina ni mpya. Nafasi kati ya valvu na pistoni ilipimwa kwa udongo laini wa kuchezea watoto: sehemu nyembamba ilikuwa zaidi ya mm 2.

Nati za M8 za hedi zilikazwa kwa msalaba katika awamu za Nm 8, 15 na 22. Washa ya shaba irudi pale ilipokuwa kwenye bolti inayopitisha oili. Ikihamia pengine, oili hutokea juu ya hedi na kushuka kwenye mapezi.

Kamshafti na pushirodi

Kamshafti ya CG inaendeshwa kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki, na ina nundu moja tu inayosukuma valvu zote mbili kupitia vidole viwili vinavyopanda juu ya nundu hiyo. Kwa hiyo ikichakaa nundu, zote mbili hupoteza mwinuko. Na huwezi kubadilisha kidole kimoja chenye vishimo ukaacha kingine juu ya nundu iliyoliwa. Vyetu vilikuwa laini, nundu haina ukingo. Vimerudi na grisi ya molibdeni.

Alama ya gia ya krenki itazamane na ya gia ya kamshafti. Jino moja pembeni bado litakubali kuwaka, huku likirudisha moto kwenye kabureta na kukosa nguvu kabisa, na mtu atamaliza wiki akichezea kabureta.

Sehemu hii ndiyo inayosahaulika: ukiinua bloku kwa gasketi nene, umeifupisha pushirodi. Bloku ya 150 pamoja na gasketi yetu ilikuwa juu zaidi ya ile ya zamani kwa mm 0.7. Kwa pushirodi za zamani skurubu za tapeti zililazimika kutoka sana hadi nati ya kufungia ikashika nyuzi mbili tu, na roka zikawa zimeinama zikisukuma shina la valvu pembeni. Pushirodi za 150 zimerudisha skurubu katikati. Dalili ya urefu sahihi ni kwamba, valvu ikiwa imefunguka nusu, roka na shina huunda takriban pembe mraba.

Tapeti (nafasi kati ya roka na valvu) mm 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi, alama ya T ya sumaku (pistoni juu kabisa) ikiwa mahali pake na roka zote zikiwa zimelegea. Kama moja imebana, uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha mara moja kamili.

Klachi

Bakuli la zamani limebaki, pleti na springi ni mpya, springi zikiwa za 150 kwa kuwa ni ngumu zaidi. Usichanganye bakuli na gia ndogo ya krenki kutoka injini mbili bila kuhesabu meno. Zikikataa kulingana utasikia mlio wa king'ora, kisha kimya. Pleti mpya ziloweshwe kwenye oili usiku kucha.

Umeme

Koili za CG hufungwa kwenye kifuniko, si kwenye kesi, kwa hiyo kifuniko, koili na sumaku vimehama kama seti moja. Krenki ikiwa ya 150, ncha yake inaelewana na sumaku ya 150. Hata hivyo ulaji wa koni (ncha ya krenki inayochongoka) ulikaguliwa: ndani ya sumaku kulipakwa rangi ya buluu, ikakalishwa, ikageuzwa kidogo na kutolewa. Rangi ilishika zaidi ya robo tatu ya uso. Koni ifungwe kavu, bila oili. Anayeibeba sumaku ni koni. Kii (kipande kidogo cha chuma kati ya krenki na sumaku) ni ya kuonyesha mahali tu, na ikiachiwa kazi ya kubeba itakatika na muda wa cheche utahama.

Gia ya stata imeachwa, kesi hii haina mahali pa mota.

Kuna CDI za aina mbili, na soketi zake zinaweza kufanana. Moja hulishwa na koili yake maalumu kwenye sumaku, nyingine hulishwa na betri. Ukiunganisha koili hiyo kwenye CDI ya betri, volti zake zitaichoma palepale. Yetu ni ya koili. Kwa rangi za Honda: nyeusi yenye mstari mwekundu ni koili ya kulisha, buluu yenye mstari wa njano ni pikapu (koili ndogo inayoiambia CDI lini itoe cheche), nyeusi yenye mstari wa njano huenda kwenye koili ya plagi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzima, kijani ni bodi. Nakala nyingi hazifuati rangi, basi pima kwa ohm: pikapu yetu ilisoma 118, koili ya kulisha 310.

Regyuleta, betri, balbu zote na honi vimebadilishwa kuwa vya volti 12. Flasha pia. Ile ya volti 6 haiishi hata jioni moja.

Kuwasha na kuseti

Oili lita 1, SAE 20W-50 yenye alama ya JASO MA. Oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Plagi ikiwa nje, kiki ilipigwa hadi oili ikaonekana kwenye roka. Kijiti cha oili husomwa kikiwa kimekaa tu juu ya nyuzi, bila kukazwa.

Kabureta ni PZ27. Skurubu ya hewa ilianza mizunguko 1.5. Chini ya robo ya mwendo injini ilikuwa safi. Katikati ilisita, na klipu ya sindano kushushwa ngazi moja ikaondoa hilo. Kwa gesi kamili plagi ilitoka nyeupe kama chaki, jeti kubwa ikapandishwa kutoka 100 hadi 105, ikawa hudhurungi. Nambari za jeti za watengenezaji tofauti hazilingani, kwa hiyo fuata rangi ya plagi kuliko nambari ya mtu mwingine. Kabla ya kulaumu jeti, pulizia maji kidogo kwenye kiungo cha mfereji wa hewa: mlio ukibadilika, kuna upepo unaoingia.

Muda wa cheche umekaguliwa kwa taa: alama ya F inatulia injini ikizunguka polepole bila gesi, na huhama kwenda mbele injini ikipandishwa. Usipohama, CDI ni ya bei rahisi kupita kiasi.

Baada ya km 50

Oili ya kwanza imemwagwa. Ilikuwa na unga wa kijivu mwembamba, hakuna vipande. Hedi imekazwa upya ikiwa baridi, nati mbili zilisogea. Tapeti ya toleo ilikuwa imebana hadi 0.05 kwa kuwa gasketi imelala, imerudishwa 0.08. Injini hairuhusiwi kukaa kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu, wala kupakiwa mlimani kwa gia kubwa. Ringi hukaa kwa gesi inayopanda na kushuka.

Nguvu ya chini imeongezeka kiasi kwamba sproketi ya mbele ya meno 15 inaimaliza gia ya kwanza mapema mno. Na nyuma 41 uwiano ni 2.73. Meno 16 yatatoa 2.56. Kabla ya kuibadilisha, itapimwa kama sproketi kubwa inapita ndani ya kifuniko bila mnyororo kugusa kesi.

Baada ya km 500

Moshi hakuna. Kompresheni kwa geji ni kg 11.5 kwa sentimita mraba, gesi ikiwa wazi kabisa na injini ikiwa na moto. Sproketi ya 16 imeingia, kukiwa na mm 4 kati ya mnyororo na kesi.

Kuna jasho la oili upande wa mfereji wa pushirodi, chini ya bloku, si matone. Bado haijulikani kama linatoka kwenye gasketi nene au kwenye ukingo uliochongwa. Unga wa chokaa umepakwa hapo ili uonyeshe linapoanzia. Likianzia pembeni mwa mfereji, gasketi hiyo nene itabadilishwa na ya shaba laini ya unene uleule, ili hesabu ya mgandamizo na urefu wa pushirodi visiguswe.